Kofia Inayotunza Woga

Uvumi ule ulimganda Tatu kama kupe: eti woga, kofia ikishauchukua, haurudi wote.

Sheria ilikuwa moja. Kila mpiganaji wa deraya, mchezo wa kupigana kwa marungu ndani ya mavazi ya chuma, huuacha woga wake ndani ya kofia ya chuma kabla ya pambano, na baada yake hukaa na kofia kichwani dakika kumi ili woga umrudie. Zawena, bintiye Tatu, alikuwa bingwa wa Morogoro nzima. Alipopigwa rungu la utosi akacheka na kusonga mbele, mama mtu alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Lakini bingwa huitwa kupigwa picha, na dakika kumi ni nyingi; Zawena aliivua kofia mapema.

Jumapili hiyo, baada ya pambano, kichanga chake kikiwa mgongoni, Zawena aliepua sufuria mikono mitupu. Viganja vikababuka.

"We mtoto! Huogopi moto?"

"Unauma, mama, ila siuogopi. Niogope jiko, mimi?" Akacheka, akainama tena jikoni.

Tatu alimpokonya mjukuu, akaandika karatasi, akaibandika mlangoni:

Usivue kofia kabla ya dakika kumi.
Usishike cha moto bila kitambaa.
Usivuke barabara bila kutazama.
Usimbebe mtoto siku ya pambano.