Springi ya Bastola ya Nyumbani

Tangu sheria ilazimishe kila nyumba iwe na bastola, wali wangu unanuka mafuta ya bunduki. Mume wangu, Shomvi, huisafisha kila Jumamosi juu ya meza tunayolia chakula, na kitambaa chenye masizi hukitupa kando ya sahani yangu. Kinyaa kitupu!

Leo, tukiwa mezani tunakula, fundi wa serikali alikuja kubadilisha springi. Aliichomoa ile kuukuu, akatabasamu.

"Hongera, shemeji. Hii imechoka kwa kufyatua risasi nyingi. Serikali inapenda nyumba zenye bidii."

"Sisi?" nikamaka. "Hatujawahi kufyatua hata moja!"

Fundi akamtazama Shomvi. Shomvi, kwa vidole vyake vyeusi kwa masizi ya bastola, akanimegea mnofu.

"Kula, Mama Zawena. Chakula kinapoa."