Kipindi cha Mkuu wa Shule

"Tuoneshe wewe kwanza," walimu walikuwa wamemwambia, na sasa walijipanga nyuma ya darasa kwenye viti vya watoto, magoti yakiwafika kidevuni.

Bi. Tunu, mkuu wa shule, alishika chaki. Mpango mpya wa ufundishaji aliuandika yeye mwenyewe, na jambo la kwanza humo lilikuwa kuachana na lile swali la "Mmeelewa?" ambalo watoto hulijibu kwa pamoja bila kufikiri. Ila tangu apewe ofisi hakuwa amefundisha hata kipindi kimoja.

Alichora chungwa ubaoni, akaligawa mara mbili, kisha akaligawa tena. Alipogeuka, macho yake yakagongana na ya Mwalimu Kazungu, aliyeupinga mpango huo kila kikao. Ulimi ukateleza.

"Mmeelewa?"

"Ndiyooo, mwalimu!" darasa zima likaitikia.

Kazungu akainuka, akajikung'uta suruali. "Basi, mkuu. Tumeona."

"Kaa, mwalimu," alisema Bi. Tunu, ingawa hakujua atasema nini baada ya hapo.

Ndipo akamwona Zawena, binti wa dawati la mbele, ambaye hakuitikia. Mkono wake ulikuwa umeinuka nusu, ukaishia usawa wa sikio.

"Hujaelewa, mwanangu?"

Mkono ukaanza kushuka. Bi. Tunu akachuchumaa kando ya dawati, akamnyooshea chaki. "Nioneshe ulipokwama." Nyuma, Kazungu alikuwa bado amesimama. Mkono wa Zawena ukasimama hewani, haupandi wala haushuki.