Mswada wa Pimbi

Bunge la wanyama lilipoushangilia mswada wa Pimbi wa kunywa maji kisimani kwa zamu, Nyegere alishikwa na kijicho. "Kijinyama kile kinipite mimi?" Bahati nzuri, mswada ulipaswa kupitia kamati kwanza, na mwenyekiti wa kamati alikuwa yeye.

Basi akauchokonoa kifungu kwa kifungu, apate kumwaibisha Pimbi. "Wenye watoto wachanga nao wangoje? Na kisima kikikauka je?" Kila kasoro aliyoianika, kamati iliirekebisha. Mswada uliporudi bungeni, haukupata mpinzani hata mmoja. Mfalme Tembo akautia sahihi, ukawa sheria.

Pimbi akamkimbilia Nyegere, akamshika mkono. "Ahsante, Mheshimiwa. Wenzangu wote waliusifu. Wewe peke yako ndiye uliyeusoma."