Behewa la Paa la Kioo

Kwa miaka thelathini Shomvi aliwahudumia abiria kwenye treni ya chakula cha jioni, na hata baada ya kustaafu aliendelea kula amesimama.

Mchana mmoja aliunganisha behewa jipya kwenye treni yake ndogo ya mfano pale sebuleni. Alilitengeneza mwenyewe, kuba la paa lake akalikata kwenye chupa ya maji. Mkewe akainama kuchungulia. Ndani, watu wawili wa plastiki walikuwa mezani.

“Baba Rukia, huyu si mhudumu? Mbona amekaa?”

“Nilimpasha moto magoti kwa mshumaa, yakakunjika taratibu.”

“Na huyu mwanamke?”

“Ni wewe. Hukuwahi kupanda treni yangu.”

Mama Rukia akapakua wali sahani mbili, akavuta viti viwili, akaketi. Shomvi akashika kile kiti kitupu kwa nyuma, kama anayemngojea abiria.