Hodi ya Thon

Mwaka wa tano wa ndoa, na Thon bado alikuwa anabisha hodi.

Alikuja jioni, jua likiwa bado juu ya mto Tarach, akavua viatu nje ya mlango wa mabati, akavipanga kando ya mtungi wa maji vikitazama barabara. "Hodi, Mama Aluel." Hakuingia mpaka Akiru aseme karibu.

"Wangu mlango anaupiga teke," alisema Namuria, jirani yake, huku wakisuka vikapu vya majani ya mkoma. "Huyu wako anaogopa nini? Mwanamume ambaye viatu vyake havijui ndani, dada, ana nyumba nyingine mahali."

Akiru alicheka, lakini neno lile lilibaki naye.

Kwao ni Lodwar. Baba yake alitaka kumpa mzee mmoja wa Kaikor, mwenye ngamia wengi na wake watatu. Akiru alikataa, tena mbele ya wazee, bila kuinamisha macho. Alisema anataka vitu viwili tu: mwanamume anayempenda, na mlango ambao ufunguo wake anauvaa yeye mwenyewe. Shangazi zake walimcheka. Hivyo viwili, walisema, havikai kwa mwanamume mmoja.

Ndipo akaja Thon, Mdinka wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, mrefu, sauti ya chini, akinunua vikapu ambavyo hakuwa na haja navyo. Alinunua mpaka Akiru akamhurumia.

Watu wa Thon walileta ng'ombe kutoka kwao Sudan Kusini kupitia Nadapal, wakachinja dume jekundu. Mzee wao mmoja alipiga ngozi ya dume lile kwa fimbo, akaongea Kidinka kirefu ambacho Akiru hakukishika hata neno, ila jina moja lililorudiwa rudiwa. Lueth. Lueth.

"Lueth ni nani?" alimnong'oneza Thon.

"Kaka yangu mkubwa. Aliuawa kule Bor, kijana, hajaoa. Kwetu, asiyeacha mtoto jina lake hupotea. Lazima aitwe."

Akiru aliona ni haki. Hata kwao, Waturkana hawali mnyama bila kuwakumbuka waliotangulia.

Siku hiyo hiyo Adut, mama yake Thon, alimvalisha ufunguo shingoni, katikati ya shanga. "Nyumba ni yako, mke wetu. Hapa hakuna mwanamume wa kukuuliza umetoka wapi." Akiru alilia kwa furaha. Na kweli, hakuulizwa. Aliuza vikapu vyake, akaenda alikotaka, akarudi alipotaka. Na Thon alimpenda. Hilo halikuwa na shaka, mwanamke hujua.

Ila kile kiti.

Kilikuwa kiti kifupi cha mbao, kimewambwa ngozi ya ng'ombe, kimewekwa kwenye kona inayotazama mlango. Kila asubuhi Adut alikuja kukifuta vumbi na kumwaga tone la maziwa miguuni pake. Hakuna aliyekikalia. Thon mwenyewe alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Ni cha mwenye nyumba," Adut alisema mara moja tu. Akiru akajiambia ni cha baba mkwe, maana alikuwa amekufa siku nyingi.

Upepo ulipotoka mtoni, ngozi ile ililia taratibu, kama mtu anayejiweka sawa. Akiru aliacha kukipa mgongo. Aluel, binti yao wa miaka minne, hakupita pale bila kuinamisha kichwa na kusema, "Shikamoo." Adut ndiye aliyemfundisha. Kiti alikisalimia; Thon alimwita kwa jina tu.

"Mwambie akuite baba," Akiru alimwambia mumewe.

Thon aliangalia kona. "Mtoto anamjua baba yake," alijibu.

Na jambo moja tena, dogo, lakini ndilo lililomla. Katika miaka yote mitano, Thon hakuwahi kumwita mke wangu. Si kwa watu, si wakiwa wawili.

Basi shule ilipotaka cheti cha kuzaliwa cha Aluel, Akiru alifurahi kuliko mtoto. Karatasi ya kliniki ilikuwa na jina la mama peke yake. Ingebidi waende Lodwar, na Thon asimame mbele ya watu aseme huyu ni nani wake.

"Leo atasema mbele ya serikali," Namuria alimwambia, akimfunga leso ya manjano. "Sikiliza vizuri, uniletee hilo neno."

Adut alimpa Thon bahasha kuukuu. "Usisahau karatasi yake."

Ofisini kulikuwa na foleni na joto, na feni inayozunguka bila kufanya kazi. Karani hakuinua kichwa.

"Jina la mama?"

"Akiru Lokaale."

"La baba?"

"Lueth," Thon akasema.

Akiru alicheka kidogo, akamgusa kiwiko. "Thon, anauliza baba wa mtoto."

Thon hakucheka. Alifungua bahasha, akatandaza mezani karatasi ya mazishi ya Lueth, ya manjano, yenye muhuri wa kanisa la Bor. Karani aliisoma tarehe, akamtazama mtoto aliyesimama kati yao, akaisoma tarehe tena.

"Na huyu mama," aliuliza polepole, "ni nani kwako?"

Akiru alinyoosha shingo, ufunguo ukagonga shanga.

Thon alisimama wima. Alimtazama Akiru kwa heshima ile ile ya mlangoni, akasema kwa fahari, kila mtu akasikia:

"Ng'ombe walitolewa kwa jina la marehemu. Ni mke wa kaka yangu."