Taa Ndani ya Shimo

Dulcie hakutaka kusogea karibu, lakini mdogo wake Beryl alimshika mkono akamvuta hadi kwenye kamba ya kuzuia watu.

"Unatetemeka tangu asubuhi, dada. Ni shimo tu, halitakumeza."

Shimo lilikuwa katikati ya bustani ya kumbukumbu, pale dhahabu ya kwanza ya wilaya ilipookotwa. Siku hiyo bati la chuma lililolifunika miaka mingi lilikuwa limeng'olewa, na mlinzi wa bustani, Lachlan, angeshusha taa hadi chini ili watalii waone. Dulcie alijua wataona nini. Wataona mifupa ya Errol, mumewe.

Wilaya nzima iliamini Errol alimtoroka mkewe akaenda mbali, jimbo la Queensland. Habari hiyo aliieneza Dulcie mwenyewe. Ukweli ni kwamba walikuja hapa kutafuta dhahabu enzi pakiwa pori tupu, Errol akamkaba koo kwa wivu wake wa kila siku, naye akamsukuma shimoni. Hakuchungulia. Alitimua mbio.

Tangu hapo aliishi peke yake, na maisha hayakumwendea vibaya. Hata kuni za majira ya baridi alizikuta kila mwaka kwenye mlango wa nyuma, zimepasuliwa fupifupi kama jiko lake dogo linavyotaka. Asubuhi ile, ndani ya gari, alimwambia Beryl amshukuru mwanawe kwa kuni hizo.

"Mwanangu?" Beryl alicheka. "Yule hata kijiti cha kiberiti hawezi kukivunja."

Dulcie hakusikiliza sana. Akili yake ilikuwa shimoni.

Lachlan alianza kuachia kamba ya taa, huku akieleza kwamba wachimbaji wa hapa walishushwa na kupandishwa kwa ndoo. Dulcie alikuwa ameshapanga la kusema: hajui, hajawahi kufika hapa.

Taa ikagota chini. Udongo, mawe, na kisu cha mpini mwekundu kilichokatika ncha. Kisu hicho alikijua: kilikuwa cha Errol. Lakini mfupa haukuwepo hata mmoja.

Dulcie akashusha pumzi, akataka hata kucheka.

"Ajabu," alisema Lachlan, akiipandisha taa polepole. "Hivi vikanyagio alivichonga nani?"

Vilichongwa ukutani, kimoja kushoto, kimoja kulia, vikapanda kutoka chini kabisa hadi ukingoni, mbele ya viatu vya Dulcie.