Bokali ya Mama Adolphine

Samaki alikuwa amelala ubavu ndani ya bokali ya kioo, kinywa wazi, kama mtu anayetaka kusema neno la mwisho. Bibiche akashika kichwa.

Jana mama mkwe wake, Mama Adolphine, alivuka mto kwenda kwenye kilio kule Alunguli. Mbele ya kupanda pirogi aliacha agizo moja tu:

"Asubui, mbele ya yote, umwage kikombe cha maji mupya ya kisima ndani ya bokali. Umuangalie samaki. Akikufa, mimi njo wa kwanza kujua. Umesikia, mukwe?"

Nani asingesikia? Wakati wa vita, Kindu ilipofungwa pande zote, Mama Adolphine alizika watoto wawili siku moja. Tangu pale hajakosa samaki hai nyumbani. Mtaa ulisema: huyu amepoteza watoto, sasa analea samaki. Hata chai haikuwekwa motoni mpaka ainame kwanza mbele ya bokali. Na mke wa kwanza wa mwanawe, yule wa kabla ya Bibiche, alirudishwa kwao kwa ajili ya samaki mmoja mfu.

Bibiche, yeye, hakuwa tena na kwao. Alikuwa na Israël tu, mtoto wake anayeanza kusema.

Alikuwa amemwaga kikombe cha kisima kama alivyoagizwa, na mara samaki akapinduka. Akafunika bokali kwa kitenge, akatoka mbio. Pembeni ya kisima jirani yao Okito, mnunuzi wa zahabu ya machimbo ya Kama, alikuwa anasuuza mabeseni yake ya asidi ya kuoshea zahabu.

"Bibiche! Nani anakukimbiza hivi?"

Bibiche alikimbilia duka la Sikuli, pale Gentille, binti wa mwenye duka, alipofuga samaki wa rangi ndani ya kioo kikubwa.

"Weye, dada, unataka kumuua!" Gentille alisema. "Samaki hapendi maji ya kumushitukiza. Umutie maji ya mvua yenye imelala, kidogo kidogo. Chakula, kiasi cha ncha ya kidole. Jua lisimupige. Na hayo ya kisima, hata tone!"

"Lakini kila siku anapata hayo hayo."

"Njo maana amechoka nayo."

Bibiche alirudi, akachota maji katika pipa la mvua. Alimwaga ya zamani, akatia mapya polepole, midomo ikisali. Pezi moja likatikisika. Halafu la pili. Samaki akajigeuza, akasimama sawasawa. Bibiche alilia kama mtu aliyefufuliwa mtoto.

Jua lilipopanda, Mama Adolphine akaingia, viatu mkononi. Hakusalimu mtu. Alienda moja kwa moja kwenye bokali, akainama.

"Ulimutia maji ya leo?"

"Njo, Mama."

"Ya kisima?"

"Ya kisima, Mama."

"Na hakushituka?"

"Hata kidogo. Anacheza tu tangu asubui."

Samaki akapiga mkia, kama shahidi aliyenunuliwa. Mama Adolphine akashusha pumzi, akacheka kwa mara ya kwanza tangu wiki nyingi. Akainamisha bidoni, dumu la maji ya leo ya kisima, akajaza kikombe, akamwita mjukuu wake.

"Kunywa, baba. Wale wangu wawili hawakuwa na samaki wa kuwaonjea kisima. Weye uko naye."

Bibiche akafungua kinywa. Israël alikuwa amekwisha kupindua kikombe, kumwonyesha mama yake kwamba hakuacha hata tone.